Kabla ya Msimu wa Uwindaji: Sheria Ipande Mlima Mpaka Kwamkoro

Kila mwaka tarehe 1 Julai inapokaribia, maneno juu ya uwindaji huwa mengi. Ndiyo siku ambayo msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa nchini Tanzania. Makampuni hutengeneza makambi, wageni hukata tiketi za ndege, na makarani hushughulika na leseni, vitalu na ada. Habari hizo huandikwa sana, na ni haki ziandikwe, maana uwindaji huo huliletea Taifa fedha za kigeni. Lakini aghalabu huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye bunduki ya thamani na mfuko ulionona.

Leo twapenda kuziandika kwa ajili ya mtu mwingine. Mtu huyo ni mchuma chai wa Kwamkoro. Hana bunduki, hana kitalu, na yumkini hajapata kuiona leseni ya uwindaji kwa macho yake. Hata hivyo sheria ya leseni inamgusa kila jioni, jua linapotua nyuma ya msitu na nguruwe mwitu wanapoanza kushuka kwenye mihogo yake. Mtu huyo akikosea, hukumu itamwangukia yeye, wala haitamwuliza kama aliwahi kuisoma sheria hiyo.

CHAI NA MSITU

Kwamkoro iko katika milima ya Usambara ya Mashariki, tarafa ya Amani, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Upande wa magharibi liko bonde la Luengera, na ng'ambo ya bonde hilo ndiyo Usambara ya Magharibi, yaani nchi ya Lushoto, Bumbuli na Vuga. Huko Kwamkoro chai na msitu hupakana kama vyumba viwili vilivyotengwa na ukuta mmoja. Msitu wa Kwamkoro ni miongoni mwa misitu iliyounganishwa mwaka 1997 ikawa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, ambayo ukubwa wake ni hekta 8,380 hivi. Maji ya mto Sigi, unaotoka katika milima hiyo, ndiyo yanayonywewa na watu wa mji wa Tanga.

Pembeni mwa chai wananchi wamepanda mihogo, mahindi, magimbi, migomba na iliki. Humo msituni wanaishi nguruwe mwitu, kima, nyani, funo, ndimba, perere na buku. Mpaka baina ya wanyama hao na jembe la mkulima ni hatua chache tu. Mfanyakazi aliyetoka kuchuma chai mchana kutwa hana budi kukesha shambani usiku akipiga debe, maana nguruwe wachache kwa usiku mmoja waweza kuangamiza kazi ya miezi mingi. Wala nguruwe haulizi kama mwenye shamba amelipwa mshahara au bado.

Hapo ndipo shetani wa waya anapomjia. Waya wa baiskeli au wa uzio hufanywa kitanzi, kitanzi hutegwa njiani pa nguruwe, na asubuhi mtu hutazama alichopata. Moyoni mwake hajioni kuwa jangili. Hujiona baba wa watoto aliyekilinda chakula chake. Sheria humwona kwa jicho jingine. Na baina ya macho hayo mawili ndipo lilipo jambo tunalotaka kulisema leo.

MWINDAJI ALIYEFANYWA MFALME

Katika milima ya Usambara mwindaji si mtu mdogo. Kila Msambaa amesikia habari za Mbegha, aliyetoka Ngulu baada ya kufukuzwa na jamaa zake kwa kuwa alikuwa kigego. Abdallah bin Hemedi alizikusanya habari hizo katika kitabu chake cha Habari za Wakilindi. Mbegha alifika Usambara na mbwa wake na mikuki yake, akawakuta watu wanasumbuliwa na nguruwe mashambani. Akawaua wale nguruwe, na nyama akawagawia watu. Ikawa sababu ya kupendwa kwake, hata Vuga wakamtawaza, na ukoo wa Wakilindi ukatawala Usambara kwa vizazi vingi.

Masimulizi hayo yana mafunzo mawili. La kwanza, nguruwe wa Usambara si taabu ya leo. Ni wa tangu enzi za mababu. La pili, na ndilo kubwa, watu hawakumheshimu Mbegha kwa sababu aliua tu. Walimheshimu kwa sababu aliua kilichowadhuru, na alichopata hakukila peke yake. Wazee wetu walikuwa na sheria ya uwindaji kabla ya karatasi kuletwa: kuwinda ni kazi ya manufaa ya wote, na mwenye kuwinda hana budi kuwajibika mbele ya watu.

KARATASI ILIVYOKUJA

Karatasi ya kwanza ilikuja na Wajerumani. Tarehe 7 Mei 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akakataza kuwinda bila ya kibali, na zikatengwa sehemu ambazo hazingewindwa kabisa. Waingereza walipoitwaa nchi, walitunga sheria yao ya wanyama mwaka 1921, wakaibadili mwaka 1940, wakatunga nyingine mwaka 1951. Hatukatai kwamba wanyama, hasa tembo, walikuwa wakiuawa ovyo kwa ajili ya pembe, na kwamba ilihitajiwa sheria. Lakini sheria zile zilitungwa na mgeni, kwa lugha ya mgeni, na kwa kipimo cha mfuko wa mgeni. Mzungu mwenye bunduki na ada aliitwa mwindaji. Mwananchi mwenye wavu na mbwa akaitwa mwizi, juu ya ardhi alimozaliwa. Si ajabu basi kwamba wengi wa baba zetu waliiona leseni kuwa ni kamba tu, sawa na kodi ya kichwa.

Uhuru ulipokaribia, mambo hayo yalianza kuelezwa upya. Mwezi Septemba 1961, huko Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko lililojulikana duniani kote, akakubali kwa niaba ya watu wa Tanganyika dhamana ya kuwatunza wanyama kwa ajili ya vizazi vijavyo. Neno la maana hapo ni dhamana. Tangu siku ile mnyama wa porini hakuwa tena mnyama wa Gavana. Alikuwa amana ya wananchi, na Serikali yao ndiyo mshika amana.

Taifa huru halikusita kuitumia mamlaka hiyo. Mwaka 1973 Serikali ilifunga uwindaji wa kitalii, na haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1978. Mwaka 1974 ilitungwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, ikazifuta zile za ukoloni. Sheria inayotumika leo ni ile Namba 5 ya mwaka 2009, nayo inasema wazi kwamba wanyama wote ni mali ya umma, wakiwa mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya watu wa Tanzania.

LESENI NI NINI

Kutokana na msingi huo twaweza kueleza leseni ni nini. Leseni ni ahadi baina ya mtu mmoja na umma. Umma humwambia: tumekupa ruhusa ya kuchukua kiasi hiki, cha mnyama huyu, mahali hapa, kwa muda huu, nawe utuletee habari ya ulichofanya. Kwa hiyo leseni haiazimwi wala haiuzwi kwa mwingine, na mwindaji hana budi kuwa nayo mkononi anapowinda. Msimu nao umewekwa ili wanyama wapate nafasi ya kuzaa na kulea. Kwa sababu hiyo pia sheria inakataza kuua mama mwenye mimba au mwenye mtoto.

Iko na namna za kuwinda ambazo hazina leseni hata kwa tajiri. Sumu, moto, mashimo, nyavu, mitego ya waya, na kuwamulika wanyama kwa taa usiku, yote hayo yamekatazwa. Sababu si ugumu wa moyo wa Serikali. Mwenye bunduki humwona mnyama kabla ya kufyatua. Akiwa mwungwana humwacha mama na mtoto. Waya hauoni. Umetegewa nguruwe, lakini hunasa funo, hunasa ndimba, hunasa mbwa wa jirani, na waweza kumjeruhi mtoto aliyekwenda kuokota kuni. Aliyeutega huusahau, nao huendelea kuua na kuozesha, pasipo mtu kupata hata kipande cha nyama. Hasara ya namna hiyo Mbegha asingeiita uwindaji.

Twataka wananchi wa Kwamkoro wajue na jambo hili: ndani ya Hifadhi ya Amani hakuna uwindaji, wala haitapatikana leseni ya kuwinda humo. Msimu ukifunguliwa Julai kule kwenye vitalu vya nyika, haufunguliwi ndani ya msitu wa Kwamkoro. Mtu asije akadanganywa na mwenzake kwamba sasa ni msimu, twende.

Mtu atauliza: perere na buku wana thamani gani, hata tuwalinde kama pembe za ndovu? Jibu liko juu ya miti yenyewe. Watu wa Amani wanaufahamu msambu, mti wenye matunda makubwa, ambao mbegu zake zimekuwa zikiokotwa na kuuzwa kwa ajili ya mafuta, na kuwapatia akina mama wengi fedha za matumizi. Mbegu hizo buku huzibeba na kuzifukia, na nyingine anazozisahau huota. Ndege nao humeza matunda na kutawanya mbegu. Watafiti waliouchunguza mti mmoja wa Usambara ya Mashariki walionyesha mwaka 2003 kwamba katika vipande vidogo vya msitu, ambamo ndege wamepungua, mbegu nyingi zaidi huangukia chini ya mama yao na miche huwa michache. Msitu uliokosa wanyama wake ni kama shamba lisilo na mpanzi. Unaonekana mzima leo, lakini wajukuu wataurithi ukiwa umechoka, na Sigi nao utapungukiwa.

MABADILIKO YA SHERIA NA NGURUWE WALIOSAHAULIKA

Katika miaka ya karibuni sheria na taratibu za uwindaji zimebadilika mara nyingi. Mwaka 2019 Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ilianza kuvinadi vitalu vya uwindaji kwa njia ya mtandao, badala ya kuvigawa kwa barua na mikutano. Mwaka 2020 zikatolewa kanuni za kuuza nyamapori katika mabucha yenye kibali, ili mwananchi apate kununua kitoweo hicho kwa halali. Mwaka 2021 ikapitishwa sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Hatua zote hizo twazisifu. Mnada wa wazi hupunguza upendeleo. Bucha halali humwondolea mtu kisingizio cha kununua nyama ya wizi. Na sheria kwa Kiswahili ni sehemu ya uhuru wenyewe.

Lakini hatungekuwa watumishi wa kweli wa wakulima na wafanyakazi kama tungeishia katika kusifu. Twauliza kwa heshima: katika mabadiliko hayo yote, nguruwe wa Kwamkoro yuko wapi? Mnada wa mtandaoni haumhusu mchuma chai. Bucha la nyamapori halijazuia mihogo yake kuliwa. Ziko kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, lakini zimewekwa kwa ajili ya madhara ya wanyama hatari, kama vile tembo na simba. Nguruwe na kima, wanaomla maskini kidogo kidogo kila usiku, hawana kishindo cha tembo, na kwa hiyo kilio chake hakifiki mbali.

Tena, mkulima huyo akitaka kufuata njia ya haki, hukuta milango mingi. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Wanyama wako chini ya mamlaka ya wanyamapori na bwana nyama wa wilaya. Bunduki iko chini ya Polisi, kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015. Shamba liko chini ya serikali ya kijiji. Mtu aliyeondoka kazini akapoteza ujira wa siku moja ili akashitaki nguruwe, akielekezwa kutoka ofisi hii mpaka ile, hatakwenda mara ya pili. Mara ya pili atatafuta waya.

Hatusemi hayo ili kumpa mtega waya udhuru. Twasema ili dawa ipatikane mahali ugonjwa ulipo. Wala tusijidanganye kwamba nguvu peke yake ndiyo dawa. Mwaka 2013 ilifanyika Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili wa pembe za ndovu. Nia yake ilikuwa njema, lakini wananchi wasio na hatia waliteswa na wengine wakapoteza maisha. Bunge likapokea taarifa ya mambo hayo mwezi Desemba mwaka ule ule, na mawaziri wanne wakaondoka katika nyadhifa zao. Taifa lilijifunza kwa machungu kwamba mnyama hawezi kulindwa kwa kumvunjia mwananchi utu wake.

Wala tusidhani kwamba kila chenye mhuri ni halali mbele ya vizazi. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 msitu wa Kwamkoro ulikatwa magogo kwa mashine, mpaka kazi hiyo ikasimamishwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Magogo yale hayakukatwa na mwizi wa usiku. Yalikatwa mchana, na vibali vilikuwapo. Wazee wa Kwamkoro wanaikumbuka miti ile. Yule aliyeona miti mikubwa ikishushwa kwa kibali, kisha mwanawe akafungwa kwa funo mmoja, hawezi kulaumiwa akiuliza sheria ni ya nani. Njia ya kumjibu ni kumwonyesha kwa vitendo kwamba sasa sheria ni yake.

YAFAA NINI KIFANYIKE

Kwanza, sheria ipande mlima. Maadamu Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, kanuni za wanyamapori zisiishie mjini. Kabla ya kila msimu maneno machache yaliyo wazi yabandikwe katika ofisi ya kijiji, katika kituo cha kupimia chai na katika zahanati: nini kimekatazwa, nini kimeruhusiwa, nani aitwe, na wapi. Mwananchi ajue kwamba sheria haimtii hatiani mtu aliyeua mnyama kwa kujitetea au kutetea mali yake, mradi asitumie njia zilizokatazwa na atoe taarifa upesi. Ajue pia kwamba nyama ya mnyama huyo ni mali ya Serikali, si kitoweo chake. Mambo hayo mawili yakijulikana, wengi wataepuka gereza.

Pili, milango mingi ifanywe mmoja. Bwana misitu, bwana nyama na serikali ya kijiji wakae pamoja kabla mahindi hayajaanza kubeba, wapange siku za kuwafukuza nguruwe katika mashamba yaliyo nje ya hifadhi, kwa askari wenye ruhusa na kwa mbele ya watu. Mkulima akiuona mkono wa Serikali shambani mwake mara moja kwa msimu, waya utakosa mwalimu.

Tatu, matawi ya Chama na chama cha wafanyakazi wa mashamba visione kwamba jambo hili ni dogo. Mfanyakazi aliyekesha usiku kucha akilinda mihogo hawezi kuchuma chai vizuri kesho yake, na mfanyakazi aliyefungwa hawezi kuchuma kabisa. Balozi wa shina anawajua watu wake. Anajua pia nani anatega kwa njaa na nani anatega kwa biashara ya kuuza nyama mjini. Yule wa kwanza afundishwe na asaidiwe. Yule wa pili asifichwe, maana anauiba urithi wa wenzake na kuwatumbukiza majirani katika aibu.

Na kwako wewe, ndugu mfanyakazi wa Kwamkoro, tuna neno moja. Msitu ule si wa mgeni tena. Si wa Mjerumani, si wa Mwingereza, wala si wa bwana nyama. Ni wako, na ni wa mjukuu wako ambaye bado hajazaliwa. Umefanya subira kubwa kuishi jirani na wanyama wa Taifa zima, na haki yako ya kusikilizwa ni kubwa kwa kipimo hicho hicho. Basi idai haki hiyo mkutanoni, kwa sauti, na kwa majina ya mashamba yaliyoliwa. Lakini ule waya ulio dirani nyumbani kwako, urudishe kwenye uzio wa kuku.

Mbegha hakutawazwa kwa wingi wa wanyama aliowaua, bali kwa sababu watu walilala salama na kila nyumba ikapata fungu lake. Serikali inayotoa leseni leo imekikalia kiti cha yule mwindaji. Julai ikifika, wageni watapata msimu wao kule nyikani. Watu wa Kwamkoro hawaombi msimu. Wanaomba kulala usiku mmoja bila ya kupiga debe, na sisi twaona kwamba ombi hilo ni la haki.